Mnaobishania muziki mzito: njooni niwasimulie nilivyoposa kwa tarumbeta Tanga

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa bara na wa pwani, na wale mnaosoma mkiwa kazini huku bosi akidhani mnajibu barua pepe.

Nimeufuatilia uzi wa vijana wanaobishana muziki upi ndio mzito. Mmoja anasema hevi meto, mwingine rege ya zamani, mwingine singeli. Kuna mdau kasema kwaya, katukanwa. Nimesoma koment zote mpaka miwani imepata moto.

Nikaona niingie.

Nina umri ambao hata wastaafu wananipa shikamoo. Mabishano hayo nimeyafanya kabla baba zenu hawajazaliwa, Tanga, miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza ikiwa bado mlingotini. Tofauti ni kwamba nyinyi mkishindwa mnazima data. Mimi ningeshindwa ningekosa mke.

Ninayosema ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi mtaiona wenyewe, maana huwa naimwaga kwa kiganja.

Twende.

Nilikuwa kijana wa mjini niliyehitimu shule ya usiku. Tulisoma watu sitini kwa karabai moja, na karabai ikizimika tuliendelea kwa mwanga wa akili zetu. Nikatoka hapo najua Kiingereza cha kutosha kumwogopesha mtu asiyekijua.

Jioni nilikuwa mwanachama wa klabu ya dansi. Suti, tai ya kipepeo, viatu vya rangi mbili. Chombo changu kilikuwa manyanga, yale ya kutikisa.

Msicheke. Bendi isiyo na manyanga ni wali usio na chumvi, mnakula tu lakini hamjui mnakosa nini.

Sasa, mtaa wetu ulikuwa wa mwisho mwisho wa mji, kando ya barabara iliyotoka kwenye mashamba ya mkonge. Hapo barabarani alikuwapo fundi cherehani, Mzee Hemedi. Mchana anashona, jioni anapiga fidla katika kikundi cha taarab. Fidla yake ilining'inia ukutani juu ya cherehani, na hakuna aliyethubutu hata kuipangusa vumbi.

Mzee Hemedi alikuwa na binti, Zuhura.

Wakuu, sitamwelezea. Niseme tu kwamba nilikuwa na suruali moja nzuri, na kwa kutafuta sababu ya kwenda pale niliipeleka ipunguzwe mara nyingi hadi ikawa kaptura.

Posa nilishapeleka, kwa heshima zote, kupitia kwa baba yangu mdogo. Bahati mbaya wiki ile ile ikaja posa nyingine, ya bwana mmoja wa Moa, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu. Huyu alikuja na gramafoni. Aliiweka barazani kwa fundi, akaweka sahani ya taarab, na Mzee Hemedi akafumba macho kama mtu anayekandwa mgongo.

Nilipoona yale macho yamefumbwa nilijua nimekwisha.

Majibu ya posa zote mbili yangetolewa Ijumaa.

Jumatatu nikaenda kwa fundi na kaptura yangu. Mazungumzo yakaangukia kwenye muziki, au niseme niliyaangusha mimi.

"Mzee, gramafoni ni kitu kizuri," nikasema, "lakini muziki mzito siku hizi ni dansi. Sisi tuna magitaa mawili, banjo, ngoma kubwa, na besi ya kamba iliyofungwa kwenye sanduku la majani ya chai. Ukisikia ile besi, meno yanacheza."

Mzee Hemedi hakuinua macho kwenye pindo. "Hiyo ni mizigo, mwanangu. Sikukuuliza mizigo. Muziki mzito ni maneno. Mtu anaimbiwa mstari mmoja leo, anashindwa kuumeza mpaka mwezi uandame."

"Lakini mzee, mtu akiwa hajui Kiswahili cha ndani je? Mzito kwake utakuwa upi?"

"Akajifunze."

Pembeni yake, kwenye mkeka, alikaa Mzee Salehe. Huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge, na masikio yake aliyaacha kule kule. Ukitaka akusikie ulipaswa kusimama mbele yake na kupiga ukelele wa kuzama majini.

"Mnabishania nini?" akauliza.

"MUZIKI!" nikamwambia.

"Ah. Kelele za mbu hizo. Zote." Akarudi kwenye kahawa yake.

Mimi ningeishia hapo ningekuwa na busara. Lakini nilikuwa nimehitimu shule ya usiku. Nikaendelea kueleza midundo, sauti ya juu, sauti ya chini, mpaka Mzee Hemedi akasimamisha cherehani.

"Bakari, unawaona wale?"

Alikuwa akionyesha baraza ya jirani, walipokaa wazee sita wakicheza dama. Wazee wale walikuwa hawainuki, wakuu. Siku moja lori la mkonge lilipinduka mbele yao, marobota yakasambaa barabara nzima, na wao walichofanya ni kukunja miguu ili yapite.

"Wale wanainuka kwa mambo mawili," akasema Mzee Hemedi. "Adhana, na jeneza likipita. Basi wewe leta huo muziki wako mzito. Ukiwainua wale bila mtu kuwaita, Ijumaa jibu nitampa baba yako mdogo. Usipowainua, nenda kapunguze suruali Pangani."

Nikasikia mtu anacheka ndani, nyuma ya pazia. Nilikijua kicheko kile. Sikujua tu kilikuwa cha upande wangu au wa Moa.

Jumanne alasiri nikaleta klabu nzima. Tulipanga vyombo mbele ya baraza, tukapiga mpaka kamba ya besi ikakatika. Watoto walicheza, mbuzi walicheza, hata bwana mmoja wa baiskeli aliteremka akazunguka mara mbili peke yake.

Wazee wa dama waliinua kete.

Tulipomaliza, mmoja wao akaniita kwa kidole. Nikamkimbilia. Akasema, "Mwanangu, mwambie yule wa sanduku asogee. Anatuzibia upepo."

Nilirudi nyumbani nimelala wima.

Jumatano darasani (nilikuwa nimehitimu lakini naenda bado, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kubishana naye) nikamweleza Elia. Elia alikuwa Msambaa, Mlutheri, mtoto wa shamba la mkonge, na alipiga tarumbeta katika kundi la kanisa lao. Walikuwa watu saba. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kujiviringisha mwilini, mtoto angeweza kuoga ndani ya mdomo wake na nafasi ikabaki.

Nakiri miezi ya nyuma tulishabishana, na tarumbeta zao nikaziita honi. Hakusahau.

"Kwa hiyo leo honi zina kazi," akasema.

"Mgosi, tusifukue ya zamani. Nataka wimbo mmoja tu. Mzito kuliko yote mlio nao."

"Mzito kuliko yote tunao mmoja. Lakini ule hatuupigi ovyo."

"Huo huo!"

"Tukiuanza hatuukatishi. Hata ikinyesha, hata gari likija, beti zote mpaka mwisho. Ndiyo sheria yake."

"Vizuri zaidi. Na mimi nitatia manyanga, ili dansi nayo iwemo."

Elia alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno. "Una hakika, mgosi?"

"Nina hakika kuliko mwalimu wetu wa hesabu."

Hapo ndipo mdau mwenye akili angeuliza: wimbo huo unapigwa lini? Mimi sikuuliza. Niliona anaringa tu, anapandisha bei ya kitu chake. Na Elia, kwa jinsi nilivyomchoma kwa lile neno la honi, aliamua kunipa nilichoomba, si zaidi wala si pungufu.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, wakaja. Watu saba, mashati meupe, wametembea kutoka shambani. Wakasimama mbele ya duka la Mzee Hemedi. Mimi nikasimama upande wa kulia, tai imenyooka, manyanga mikononi. Nikawapa ishara.

Wakuu.

Ile sauti ya kwanza haikuja masikioni. Ilikuja kwenye magoti. Ilikuwa ya taratibu, ya chini, kama kitu kikubwa kinachoburutwa kwa adabu.

Nikatikisa manyanga. Mara moja, mara mbili. Yakatoa sauti ya mtu anayetafuna karanga msibani.

Nikaacha. Nikayashusha yakaning'inia mapajani, nikabaki nimesimama.

Na barazani kwa jirani, mzee wa kwanza akaweka kete chini. Akavaa kandambili zake. Akainuka.

Wa pili akainuka. Wa tatu. Wote sita! Moyo wangu ulipaa, nikaanza kuhesabu wajukuu.

Kisha nikaona mwenye baiskeli kateremka, kavua kofia. Lori la mkonge likazima injini katikati ya barabara. Muuza samaki akatua kapu. Mama mmoja akajifunika kanga kichwani. Mtaa mzima umesimama, na wote wanatazama upande mmoja, kule zinakotoka tarumbeta siku zote, kwenye barabara ya shambani.

Wanatazama wanachokisubiri.

Hapo ndipo akili ya shule ya usiku ikanirudia. Kila Mlutheri alipofariki kule shambani, tarumbeta hizi hizi zilitangulia mbele ya jeneza, zikapita barabara hii hii kwenda makaburini, kwa wimbo huu huu. Watu wa mtaa wetu, Waislamu na wasio Waislamu, walikuwa wakisimama mpaka lipite. Mimi alasiri zote, isipokuwa wiki ile niliyoomba ruhusa, nilikuwa kazini bandarini, nikizikosa zote.

Nikamgeukia Elia. "Simamisha!" Akanitolea jicho juu ya tarumbeta, akaendelea. Nikapunga mikono kama anayefukuza kunguru. Ubeti wa pili ukaanza.

Sasa fikirieni. Jeneza haliji. Tarumbeta hazisongi. Zimesimama mbele ya nyumba ya Mzee Hemedi. Mtaa ukafanya hesabu yake, na jibu likawa moja.

Kilio cha kwanza kikatoka ndani ya nyumba. Alikuwa mkewe, Bi Mwanahawa. "Mume wangu jamani! Asubuhi kala mihogo yote!"

"Mimi mzima!" akapiga kelele Mzee Hemedi kutoka kwenye cherehani.

Hakuna aliyemsikia, tarumbeta zilikuwa zimefika mahali pa juu. Wazee sita wakavuka barabara kwa mwendo wa mazishi, wakapanda kizingiti, wakampita Mzee Hemedi mwenyewe, mmoja akampa mkono wa pole, wakaingia ndani kutafuta maiti.

"Hemedi ndiye mimi, enyi watu! Mnamzika nani?"

Dirisha likafunguka kiasi cha jicho moja. Zuhura akanitazama, mimi na manyanga yangu.

"Bakari," akasema, "hukuona njia ya kuniposa ila umuue baba kwanza?"

Beti zikaisha. Tarumbeta zikanyamaza. Wazee wakatoka ndani mikono mitupu, na walipojua hakuna aliyekufa hawakufurahi hata kidogo. Walikuwa wamesimama bure, na dama yao mbuzi alishaivuruga.

Nilitukanwa kwa Kiswahili cha mjini, Kibondei na Kidigo. Bi Mwanahawa alitoka na mwiko. Mwenye lori akasema muda wake nani ataulipa.

Nami, kwa ujinga niliopewa na Mungu, nikamwambia Mzee Hemedi: "Lakini wameinuka, mzee."

"Wameinukia jeneza!"

"Jeneza halikuwapo."

"Walidhani lipo! Hiyo ni ishara, si muziki. Hata polisi akipuliza filimbi watu wanasimama, utaniambia filimbi ni muziki mzito? Umewaita! Na sharti lilikuwa bila kuitwa. Kesho Moa watapata jibu lao."

Wakuu, alikuwa na hoja. Nilimwona Zuhura anaondoka dirishani, na nikaona pale pale vile maisha yangu yatakavyokuwa, marefu na ya kupunguza suruali Pangani.

Ndipo Mzee Salehe akaja.

Tulikuwa tumemsahau. Kwenye ghasia yote ile alibaki amesimama pale pale kwenye mkeka, kikombe mkononi, kahawa imemmwagikia kanzu. Alikwenda moja kwa moja kwa yule wa tarumbeta kubwa, akaweka kiganja kwenye ule mdomo wake mpana.

"Hii nimeisikia," akasema. Akajigonga kifua. "Hapa."

Mtu aliyekuwa hasikii hata radi!

"Ndiyo mliyompigia Yohana?" akauliza. Elia akaitikia kwa kichwa. Yohana alikuwa mwenzake Mzee Salehe kwenye korona. Mmoja akilisha majani, mwingine akipokea nyuzi, miaka na miaka, wakisemezana kwa vidole kwa sababu ya mngurumo.

"Nilikuwa nimelazwa siku ile. Sikumzika." Akavuta pumzi. "Mpigieni tena. Mimi nipo sasa."

Elia akawatazama wenzake. "Mzee, huu hatuupigi bila maiti. Leo tumeshakosea mara moja." Akakumbuka kwamba hasikiki, akaanza kusema kwa vidole, hovyo hovyo. Mzee Salehe alimshika vidole vile akavituliza.

Wakapiga.

Nasema hapa bila chumvi, na mnaweza kuonja. Kila mtu alijua hakuna jeneza. Wazee sita walikuwa wamesharudi kukaa, wameshaanza kupanga kete upya, kwa hasira. Hakuna aliyewaita. Mmoja hata alisema kwa sauti, "Mara hii hatudanganyiki."

Ubeti wa kwanza haujafika nusu, walikuwa wamesimama wote, na huyo aliyesema akiwa wa mbele.

Dereva wa lori akasimama juu ya ubao wa mlango. Bi Mwanahawa akashusha mwiko. Na Mzee Hemedi, ambaye nilikuwa simwondolei macho, aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akabaki ameinama kidogo, kisha akasimama wima, futi ya kupimia shingoni, kama mtu anayepimwa yeye.

Mzee Salehe hakulia. Alikuwa akichezesha vidole, taratibu, anamsemesha mtu.

Ulipokwisha, watu saba wale walifunga tarumbeta zao na kuondoka bila hata kuomba maji. Mtaa ukarudi kwenye kazi zake kimya kimya. Nikabaki mimi na Mzee Hemedi.

"Hii si dansi," akasema.

"Si dansi, mzee."

"Wala taarab."

Nikayaficha manyanga nyuma ya mgongo.

"Wala hukupiga wewe. Kwa haki ningempa yule Elia binti yangu."

"Elia ana mchumba kule kwao Soni, mzee."

"Nyamaza." Akakaa. Akatia uzi kwenye sindano, ukakataa, akatia tena. "Yale manyanga. Nilikuona umeyaanza. Mbona uliyaacha?"

"Niliona aibu, mzee. Hayakuwa na mahali."

Akanitazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu nianze kuleta ile suruali.

"Nimepiga fidla na watu wazima wenye ndevu," akasema, "na hakuna mmoja wao aliyewahi kuacha kupiga kwa sababu aliona hana mahali. Mwambie baba yako mdogo aje kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Na hao watu wa tarumbeta waambie siku ya harusi wakae kwao."

Basi ndiyo hivyo, wakuu. Nilioa kwa sababu ya kitu nilichoacha kukipiga. Bwana wa Moa alichukua gramafoni yake akaenda nayo Mombasa, na nasikia alipata mke huko mwenye masikio mazuri.

Somo nililopata: sauti kubwa ni jambo la spika, na besi ni jambo la sanduku. Hata maneno, ambayo Mzee Hemedi aliyatetea mpaka anaingia kaburini, siku ile hayakuwapo. Muziki unakuwa mzito pale watu wanapokuwa wamekwisha kuupakia vitu vyao. Walutheri wale walikuwa wameupakia watu wao wote waliowazika, mmoja mmoja, na mtaa wetu ukawa unasaidia kubeba bila kujijua. Kwa hiyo msitukanane. Yule wa hevi meto huenda ana Yohana wake mle ndani, na yule mdau wa kwaya mwombeni radhi.

Ila niwe mkweli kama nilivyoahidi. Zuhura yupo hapa pembeni, anasoma ninavyochapa kwa kidole kimoja, na ananiambia nifute. Anasema baba yake hakusimama kwa ajili ya muziki wowote. Alikuwa amekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, mguu umekufa ganzi, akasimama kuunyoosha. Anasema baba yake mwenyewe alimwambia.

Sifuti. Nilikuwapo, nilimwona uso.

Haya, uwanja wenu. Tajeni muziki uliowahi kuwasimamisha bila mtu kuwaita. Wenye miguu iliyokufa ganzi msikoment, tunaye mmoja hapa anatosha.